Gari la Mayu Kabula Lilivyoachishwa Kabureta

Nyinyi vijana wa gereji za Bariadi, mnaochomeka kile kimashine chenu chini ya usukani, mkasoma maandishi kwenye kioo, kisha mkamgeukia mwenye gari kwa sura ya daktari na kumwambia "kontroli boksi imekufa", nawasalimu. Mwadila. Siku hizi kazi yangu ni kuketi mbele ya gereji niliyoiacha na kuwatazama, na mara nyingi nacheka hadi mgongo unauma. Si kwamba hamjui. Mnajua mengi kuliko niliyoyajua nikiwa na umri wenu. Tatizo lenu ni kwamba mashine ikisema sensa, kile kidude cha kupima, ni mbovu, mnakwenda kununua sensa, na waya ulioliwa na panya uko palepale, unawatazama.

Mimi niliacha shule darasa la tano. Trekta lilipita mbele ya shule yetu kule Mwamanyili likivuta tela la pamba, injini ikatoa mlio nisiouelewa, nikatoka nikalifuata. Sijarudi hadi leo, na nadhani mwalimu bado ananiandika sipo. Tangu hapo nimefanya kazi kwenye viwanda vya kuchambua pamba, nimefufua mashine za kukoboa mpunga, nimeshuka visimani Mwanhuzi kufunga pampu, nimetengeneza hata jokofu la mafuta ya taa la mapadri, ambalo lilikuwa limegoma kwa sababu mtu alilisafisha sana. Nikishaelewa kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuwasha. Wake wawili waliniuliza kama nitakaa. Gari moja halikuniuliza, na ndilo nililokaa nalo.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda sita na kabureta mbili za kuchanganya mafuta na hewa. Marehemu Sayi, mfanyabiashara wa pamba wa Lalago, alilinunua kwa mzungu mmoja fundi wa mitambo aliyekuwa anarudi kwao. Barabara za Lalago wakati ule zilikuwa za matela na ng'ombe. Kulipeleka gari la kuchungulia ardhi namna ile huko ni sawa na kumvalisha mbuzi viatu, lakini Sayi aliliendesha hadi alipokufa, na mjane wake, Mayu Kabula, mayu kwetu ni mama, hakutaka kulitoa.

Alikuja nalo Bariadi limevutwa na trekta. Mjue kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwenye zizi lake. Wengine anawapeleka kwa mtu anayemwamini awachunge. Maziwa ni ya mchungaji, ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, na siku mwenyewe akimtaka ng'ombe wake hakuna maneno. Mayu Kabula alinikabidhi gari kwa utaratibu huohuo.

"Mhoja, kaa nalo," akaniambia. "Likitembea, tembelea. Lakini ni langu."

"Na likifa, mayu?"

"Likifa utakuja kunieleza limekufaje. Na utanieleza ukiwa umesimama."

Kilichomleta ni shemeji yake, Mzee Limbu, mdogo wa marehemu. Limbu alikuwa amepata mnunuzi Mwanza, mtu wa kukusanya magari ya kale. Kwenye kikao cha ukoo akatoa hoja iliyowapendeza wazee: gari lisilotembea si gari, ni chuma chakavu, na chuma chakavu cha ndugu yake ni mali ya ukoo. Kisha, ili aonekane mwenye huruma, akaongeza kwamba kwenye kikao cha baada ya mavuno ya pamba, gari likifika Lalago kwa miguu yake, shemeji abaki nalo. Likivutwa, analichukua yeye. Kila mtu aliona ni haki, kwa sababu kila mtu alijua halitafika.

Mtaniuliza kwa nini sikusafisha kabureta tu. Nilizisafisha. Nilizisafisha hadi zikawa nyembamba. Aliyenifundisha kabureta ni Mzee Nhandi, mtu wa injini wa kiwanda cha pamba, ambaye hakuwahi kuninyooshea kidole bila spana mkononi. Alinifundisha kuchukua kipande cha hozi, lile bomba la mpira, upande mmoja sikioni, upande mwingine mdomoni mwa kabureta, na kusikiliza hewa inavyopita. Ukisikia mbili zinapumua sawa, umemaliza. Hizi za Sayi hazikupumua sawa hata siku moja. Ekseli zake ndogo za kufungulia hewa zilikuwa zimelika, zinanyonya vumbi pembeni, na nyuzi za pamba zilikuwa zimejaa hata mahali ambapo sikujua kuna tundu. Spea hazipo. Joto likipanda, mafuta yanachemka kabla hayajafika. Kwa hiyo nikaamua kuliachisha kabureta na kulifunga mfumo wa nozeli, ule wa umeme, unaopulizia mafuta kwa amri ya kontroli boksi.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mayu Kabula. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kufanya, na nilitaka kujua.

Kontroli boksi ya kufungwa kwenye gari lolote inakuja tupu. Haijui injini ina silinda ngapi, haijui plagi iwake lini, haijui chochote. Inabidi uiambie kila kitu kwa kompyuta, na mimi kompyuta niliijua kwa kuiona benki. Nikamfuata Swalehe, fundi simu wa pale karibu na stendi, mtu wa Tanga aliyeletwa Bariadi na biashara ya makava ya simu akakwama kwa ndoa.

"Mzee Mhoja, mimi natengeneza simu," akasema.

"Hii nayo ni simu. Ila ina pistoni."

"Sijui kuendesha gari."

"Nimekuambia uendeshe? Utakaa pembeni ubonyeze."

Akaagiza boksi kwa mtandao, ikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Nozeli na pampu ya mafuta tulizitoa kwa wauza magari yaliyokatwa Mwanza. Kilichokosekana ni manifoldi, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwenye silinda, kwa sababu la zamani halikuwa na mahali pa kukaa nozeli. Hapo nikaenda kwa mzee anayeyeyusha sufuria nyuma ya soko. Nilimchongea umbo la mti, yeye akalizika kwenye mchanga kama anavyozika umbo la sufuria, tukaanza kuyeyusha. Alumini ikapungua. Nikatazama huku na huku, nikaona zile kabureta mbili zimelala kwenye ndoo kama wafungwa, nikazitupa kwenye chungu. Nakiri nilifurahi.

"Unataka na masikio?" mzee akauliza.

"Masikio ya nini?"

"Ya kushikia, likiwa la moto."

Manifoldi ya kwanza ilitoka nzuri kwa macho. Tulipoifunga, injini ikapiga kelele kama mtu anayekimbia ngazi. Swalehe akafungua kompyuta, akaanza kuongeza mafuta hapa, kupunguza pale, jedwali zima la namba likageuka rangi. Mimi nikachukua hozi ya Mzee Nhandi, nikaizungusha taratibu kwenye matawi. Tawi la nne lilikuwa linapiga mluzi. Alumini ilikuwa na vitundu kama mkate. Tukaivunja, tukaiyeyusha upya, tukaimwaga nene zaidi. Hapo shikeni hili: hewa inayoingia bila ruhusa haiponi kwa kompyuta. Ukimwona mtu anabadilisha namba kabla hajatafuta uvujaji, mnyang'anye kompyuta umpe maji ya sabuni.

Boksi inahitaji pia kujua pistoni ziko wapi. Wenye nafasi wananunua gurudumu la meno la kufunga kwenye puli ya mbele ya injini, na sensa inayahesabu meno yakipita. Jino moja linakosekana kwa makusudi, na kila pengo likipita boksi inajua injini imemaliza mzunguko. Sisi tulichukua gia kubwa ya baiskeli, ile ya kwenye pedali, nikakata jino moja kwa tupa. Usukumani huwezi kukosa gia ya baiskeli. Ikafanya kazi vizuri mpaka injini ilipoongezewa mwendo, ikawa inakata na kuwaka kama redio yenye betri chovu. Mnajua kwa nini? Baiskeli haijali gia ikiyumba kidogo, mguu wako hauna haraka kiasi hicho. Sensa inajali. Nilikuwa nimeifunga kwa jicho, na jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho. Nikaipeleka kiwandani, ikawekwa katikati kwa mashine ya kuchonga, ugonjwa ukaisha.

Halafu kuna siku ya moshi mweusi. Injini ilikuwa inakula mafuta kama inalipwa kwa hiyo kazi, plagi zote nyeusi. Swalehe akatumia asubuhi nzima kupunguza mafuta. Anapunguza, moshi unapungua, tukizima na kuwasha, unarudi. Nilimwacha, kwa sababu alikuwa anatukana kwa Kiswahili kizuri cha pwani ambacho huku hatukipati. Baadaye nikachukua testa, ile ya kupimia umeme, nikapima sensa ya joto la maji. Sensa nzima. Nikapima waya wake kwenye soketi ya boksi. Hakuna kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, na boksi, isiposikia habari za joto, ilikuwa inadhani tuko kwenye theluji, inamimina mafuta ya kuwashia injini ya baridi. Bariadi, mchana.

"Kwa hiyo nimekuwa namtibu mtu asiyeumwa," Swalehe akasema.

"Umemtibu vizuri. Karibu afe."

Ndiyo maana nasema, vijana: kabla hujaishtaki sensa, iulize. Ipime yenyewe, kisha pima waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Na waya za sensa usizilaze pamoja na waya za plagi. Sisi tulizilaza, na boksi ikawa inahesabu meno ambayo gia haina.

Kazi ya kupanga mafuta ilibidi ifanyike barabarani, mimi kwenye usukani, Swalehe na kompyuta mapajani. Tulichagua njia ya Mwanhuzi kwa sababu kuna joto na watu wachache wa kushuhudia. Kila kona ya kushoto gari likazima.

"Labda boksi haipendi kushoto," Swalehe akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Wewe soma namba."

"Namba ni nzuri. Gari ndilo linazima. Mzee, mbona tumesimama tena?"

"Inua kichwa."

Akainua. Mbele yetu kulikuwa na kundi la ng'ombe barabara nzima, na mchungaji wake ameegemea boneti yetu kama ameegemea uzio. Akatutazama, akatazama kompyuta.

"Mnapima barabara?" akauliza.

"Tunapima gari."

"Limezidi uzito?"

Wakati tunasubiri ng'ombe wapite ndipo nilipoelewa habari ya kushoto. Tanki la gari lile ni pana na halina kuta ndani. Ukikata kona ya kushoto, mafuta yanakimbilia kulia, na pampu iliyoko kushoto inanyonya hewa. Kabureta ilikuwa na kibakuli chake cha akiba, kwa hiyo haikuona. Mfumo wa nozeli hauna akiba, ukikosa mafuta umekosa. Tukatengeneza chungu kidogo cha chuma, pampu ndogo inakijaza wakati wote, pampu kubwa inanyonya humo, na yanayozidi yanarudi tankini. Tangu hapo gari likapenda kushoto na kulia.

Mwishowe lilikuwa tamu. Unawasha mara moja, baridi au joto, linakaa palepale, halitikisiki. Unaweza kuweka glasi ya maji juu ya injini. Swalehe aliweka kikombe cha chai, akakinywa kikiwa kimejaa. Nilipita nalo sokoni polepole watu wakadhani nimezima nateremka.

Siku ya kikao tukatoka Bariadi asubuhi. Lami ya kwenda Maswa tuliimaliza bila kosa. Vumbi la kuelekea Lalago tuliliingia, na kila kishimo Swalehe alikuwa anashika dashibodi na kuitaja familia yake. Tulifika. Likaingia uani kwa Mayu Kabula kwa miguu yake, mbele ya wazee wote waliokaa kwenye viti vya kukodi, na hakuna aliyegeuka. Hawakulisikia.

Nikapiga honi. Ndipo wakageuka.

Mayu Kabula alisimama, mkono mdomoni. Mzee Limbu akaja taratibu, fimbo nyuma ya mgongo, akalizunguka gari kama watu wanavyomzunguka ng'ombe wa mahari, anatafuta kilema. Injini ilikuwa inanguruma chini chini. Akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha sikio. Kisha akawageukia wazee.

"Hili silo," akasema.

"Silo vipi?" nikauliza.

"Mimi nimemsikia kaka yangu akirudi nyumbani miaka yote. Lile lilikuwa linakohoa likisimama. Likishuka bondeni linapiga kama gobore. Nani hapa hakulijua?" Wazee wakaitikia. Ni kweli walilijua. "Hili linalia kama jokofu. Huyu amembadilisha ng'ombe. Ameleta mwingine wa rangi ileile."

Nikafungua boneti nikaanza kueleza. Kontroli boksi, nozeli, gia ya baiskeli. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Nilikuwa nawaambia watu wa ng'ombe kwamba nimemtoa ng'ombe mapafu, nikamwekea mengine, nikamfunga na baiskeli, na bado ni yuleyule. Swalehe akawaonyesha kompyuta. Mzee mmoja akaomba aone picha za mpira.

Limbu akasubiri nimalize. "Ng'ombe akifia kwa mchungaji, mchungaji analeta nini kwa mwenyewe?"

"Ngozi," wazee wakasema.

"Kwa nini?"

"Ajulikane amekufa, hakuuzwa."

"Fundi, kile kilichokuwa kinakohoa, hizo kabureta, ziko wapi?"

Ningeweza kusema ziko gereji. Nikasema, "Nimeziyeyusha."

Swalehe akafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayejiandaa kukimbia.

Mayu Kabula akasogea mbele. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, ngozi inadaiwa ng'ombe akifa. Unasema amekufa?"

"Nasema huyu siye."

"Basi yule wa marehemu yuko wapi?"

"Muulize mchungaji wako."

"Nitamuuliza. Ni mchungaji wangu, kesi ni yangu na yeye. Wewe ulisema likifika kwa miguu yake nibaki nalo. Kama hili ndilo, limefika, ni langu. Kama silo, si la kaka yako, unalidai kwa nani? Mnunuzi wako utamwambia unamuuzia gari la fundi Mhoja?"

Mzee wa picha za mpira akaanza kucheka, akajifanya anakohoa. Wengine hawakujifanya. Limbu akarudi kwenye kiti chake cha kukodi na kuuliza chakula kitaiva lini. Kikao kikahamia habari za mpaka wa shamba.

Mimi nilikuwa nang'aa. Nilisimama karibu na gari nikisubiri sifa, na Mayu Kabula akaja, akanivuta pembeni.

"Limbu ni mjinga," akasema. "Lakini kuhusu sauti amesema kweli."

"Mayu, ile sauti ilikuwa ugonjwa."

"Najua. Sayi alipokuwa anarudi kutoka minadani, lilikuwa linaanza kukohoa kule bondeni, na mimi naweka maji ya ugali motoni. Akifika yamechemka. Leo umeingia mpaka uani sikujua." Akatazama gari. "Unaweza kulirudishia?"

Nilimwita Swalehe. Nikamweleza. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avunje simu aliyoitengeneza mwenyewe.

"Mzee Mhoja, tumehangaika msimu mzima kuliponya."

"Fungua kompyuta."

Tulikaa humo ndani mimi na yeye, tukaharibu. Mjue kuharibu kwa kipimo ni kazi ngumu kuliko kutengeneza, na ndiyo siku niliyoamini kwamba tunaujua mfumo ule. Tukapunguza mwendo wa injini likiwa limesimama, tukalipa mafuta yanayozidi kidogo linavyotaka, likaanza kutikisika. Kwa ule mlio wa gobore, tulimwaga mafuta pale mguu unapoachia pedali, na kuchelewesha moto wa plagi, yakawa yanalipukia kwenye ekzosi. Mayu Kabula alisimama dirishani anasikiliza. "Sivyo," anasema. "Nzito zaidi." Tunabadilisha. "Sasa imezidi, hilo ni lori." Tunabadilisha tena. Mara akafungua mlango.

Akanitoa kwenye usukani, akaketi. Sikujua kwamba anajua kuendesha, na nilipomtazama akasema Sayi alimfundisha kwenye uwanja wa kiwanda, pamba ikiwa imeisha. Akakanyaga, akaachia. Gari likakohoa, likapiga. Kuku wakatawanyika, na Mzee Limbu akamwaga supu kwenye kanzu.

"Ndilo," Limbu akasema, kiti chake bado kinayumba. Wazee wote wakamsikia.

Mayu Kabula akazima, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Nikanyoosha mkono, kwa mazoea. Akautazama mkono wangu.

"Mhoja, nilikupa ukae nalo likiwa gonjwa," akasema. "Umekunywa maziwa, nimesikia unavyopita nalo sokoni. Sasa linabaki nyumbani. Kaleni, basi la Bariadi linapita baada ya chakula."

Hakuna maneno. Ndivyo utaratibu ulivyo, na mimi nilikuwa nimeukubali. Tulirudi na basi, Swalehe na kompyuta yake mapajani, wala hakunitania njia nzima, jambo ambalo bado sijamsamehe. Mwaka uleule nikaacha gereji. Ninyi mnasema ni macho.

Kuna mmoja wenu, simtaji, alipita Lalago juzi akarudi na habari kwamba kuna bibi ana gari zuri la zamani ila wamelifunga vibaya, linatikisika na linalipuka, na kwamba yeye angelinyoosha kwa kompyuta asubuhi moja. Najua unaweza. Ni kazi rahisi, namba tatu au nne. Ukiigusa hata moja, nitapanda basi nikufuate.